Kumfundisha mtoto hesabu nyumbani: uchague kitabu gani, na vihesabio gani?

Mwekee mtoto wa miaka mitano kokwa tisa za chikichi mbele yake, kisha umwambie: "Nipe sita." Usimsaidie wala usimharakishe. Angalia tu anafanya nini.

Wapo watoto watakaokujazia kiganja bila kuhesabu. Wapo watakaohesabu hadi sita, kisha waendelee saba, nane, tisa, kwa sababu wimbo wa namba ukishaanza hausimami mpaka vitu viishe. Na wapo watakaohesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, wakasimama hapo na kukupa. Huenda wote hao wanaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea. Lakini huyu wa tatu ndiye aliyeonyesha kwamba anajua sita ni kiasi gani.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua mambo mtoto akifika darasa la kwanza na la pili. Anayejua wimbo peke yake atakutana na 13 kutoa 5 akiwa hana pa kushika. Ataanza kubahatisha, kisha atanakili kwa jirani, na mwisho atajiambia kwamba hesabu si zake. Mzazi au mlezi anaweza kuzuia hilo mapema, hata kama yeye mwenyewe aliishia darasa la saba.

Swali ambalo wazazi wengi wanalo ni hili: nianze na kitabu gani, na ninunue vifaa gani? Makala hii inajibu maswali hayo mawili kwa mazingira yetu ya Kigoma, kuanzia Ujiji na Kibirizi hadi vijiji vya ufukweni kama Ilagala na Kagunga.

Nyumbani ni nyongeza, si badala ya shule

Tuelewane kwanza. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, elimu ya msingi ni ya lazima Tanzania. Kumfundisha mtoto nyumbani hakumwondolei haki yake ya kuandikishwa shule, wala hakukuondolei wewe wajibu wa kumpeleka.

Hata hivyo, kuna nyakati ambazo mwalimu pekee aliye karibu ni wewe. Mtoto hajafikia umri wa darasa la awali. Mvua imekata njia. Familia imehamia kambi ya uvuvi kwa miezi kadhaa. Au mtoto anasoma, lakini darasa limejaa na mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Mwaka 2020 nchi nzima ilionja hali hiyo: tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na shule za msingi hazikufunguliwa tena hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, mtoto aliyekuwa na mtu wa kuhesabu naye nyumbani aliendelea, na asiyekuwa naye alisimama.

Kwanza kitu, kisha picha, mwisho namba

Kabla hujachagua chochote, elewa mtoto anavyojifunza hesabu. Mwaka 1966 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza kwamba mtu hulishika jambo jipya kwa njia tatu: kwa kutenda kwa mikono, kwa kuona picha, na kwa kutumia alama. Walimu wa hesabu katika nchi nyingi wameifanya hiyo kuwa ngazi ya kupandia.

Chukua mfano wa 4 kujumlisha 3. Kwanza mtoto anashika kokwa nne, anaongeza tatu, anahesabu zote. Siku nyingine anachora vidoba vinne na vitatu mchangani au kwenye daftari. Mwishoni ndipo anaandika 4 + 3 = 7. Akianzishwa na hiyo ya mwisho, kwake ni michoro mitano isiyo na habari yoyote ndani yake.

Kwa hiyo kihesabio si mchezo wa kumtuliza mtoto. Ni ngazi ya kwanza. Na kitabu kizuri ni kile kinachokuonyesha jinsi ya kumpandisha kutoka ngazi moja kwenda nyingine.

Kuchagua kitabu: maswali matano

Kuna vitabu vya aina mbili. Kitabu cha mwanafunzi kina mazoezi ya mtoto. Kiongozi cha Mwalimu kinamweleza mtu mzima afundishe nini, kwa mpangilio gani, na kwa vifaa gani. Wazazi wengi hununua cha kwanza wakasahau cha pili, wakati mzazi asiye mwalimu anakihitaji zaidi hicho cha pili.

Ukiwa na kitabu mkononi, dukani au kwa mwalimu wa jirani, kiulize maswali haya.

Kwanza, kinaanza na vitu au kinaanza na namba? Fungua ukurasa ambapo kujumlisha kunaanza. Ukikuta safu za 2 + 3, 4 + 1 bila picha wala maelekezo ya kutumia vitu, hicho ni kitabu cha kupima, si cha kufundishia.

Pili, kinakwambia wewe useme nini na ufanye nini? Orodha ya majibu nyuma ya kitabu haitoshi. Unahitaji sentensi kama: mpe mtoto vihesabio vinane, aviweke katika makundi mawili kwa njia mbalimbali, umuulize kila kundi lina vingapi.

Tatu, kinakaa kwenye namba ndogo kwa muda wa kutosha? Mtoto aijue kumi ndani na nje, kwamba ni tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, kabla ya kukimbizwa kwenye mia. Kitabu kinachofika 100 ndani ya kurasa chache kinafundisha wimbo.

Nne, vifaa kinavyotaka unaweza kuvipata? Kitabu kinachotegemea seti ya plastiki iliyotengenezwa ng'ambo kitakukwamisha, labda uwe tayari kubadilisha kila kifaa kwa kitu cha hapa.

Tano, kimeandikwa kwa lugha ambayo wewe na mtoto mnaongea? Vitabu vingi vya rangi vinavyouzwa mitaani vina Kiingereza, na kazi yake kubwa ni kufuatisha umbo la namba kwa penseli. Hilo ni zoezi la kuandika. Lina faida yake, ila si kuhesabu.

Kwa wengi wetu, pa kuanzia ni vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, kwa sababu ndivyo atakavyokutana navyo shuleni. Katika darasa la kwanza na la pili hesabu ni sehemu ya KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Angalia toleo, maana mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na baadhi ya madarasa. Toleo la zamani si la kutupa, kwa kuwa tano na tatu bado ni nane, ila mpangilio wa mada unaweza kutofautiana na wa shuleni. TET pia ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vyake vinasomwa kwa simu yenye intaneti. Kama bando ni tatizo, nenda kwa mwalimu wa darasa la awali au la kwanza, umwombe uone Kiongozi cha Mwalimu, unakili mada za muhula mmoja kwenye daftari. Kurasa chache za maelezo zitakutosha kwa miezi kadhaa.

Ukishachagua kimoja, baki nacho. Kuruka kutoka kitabu kimoja hadi kingine kunamchanganya mtoto kuliko kitabu chenye kasoro ndogo.

Kihesabio kizuri kina sifa gani?

Kihesabio kizuri kinafanana na wenzake, ili mtoto aangalie idadi na si rangi au ukubwa. Kinatosha kushikwa na vidole vidogo bila kuteleza. Hakiharibiki, hakiliwi, na kipo kingi. Kisafishe kabla hujampa.

Hapa Kigoma tuna bahati ya kokwa za chikichi, zile ngumu ambazo bado hazijabanguliwa mise. Zikishaoshwa na kukaushwa zinadumu miaka. Vizibo vya soda navyo ni vizuri kama kingo zake hazijakunjuka kuwa kali. Vizibo vya chupa za maji ni salama zaidi.

Dagaa havifai, ingawa vipo kila mahali: vinavunjika, na kichwa kimoja kitahesabiwa kama dagaa mzima. Maharage na mahindi yanafaa kwa mtoto mkubwa kidogo, lakini kwa mdogo huishia puani au sikioni. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachwe peke yake na kitu chochote kidogo, na baada ya somo vihesabio virudi kwenye kopo lenye mfuniko.

Kuna mbegu ambazo hazipaswi kuingia kwenye kopo hilo kabisa. Nyonyo ni sumu. Mbegu za mbono ni sumu. Na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo mturituri au tipitipi, zinavutia macho kama shanga lakini ni sumu kali mtoto akizitafuna. Akila mojawapo, mkimbize kituo cha afya ukiwa na mbegu yenyewe mkononi.

Vipi kuhusu fedha? Mtoto wa dukani hujua sarafu mapema, na hilo ni jema. Lakini sarafu si kihesabio cha kuanzia. Sarafu ya shilingi 200 ni kipande kimoja, na ya 50 ni kipande kimoja pia. Anayejifunza kwamba kila kitu kimoja ni moja atachanganyikiwa. Fedha ije baada ya kuelewa makumi na mamia.

Zana nne zinazotosha

Madukani kuna abakasi, tarakimu za plastiki na vijiti vya rangi. Vile vijiti vya rangi vya urefu wa sentimita 1 hadi 10 vilibuniwa na mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire, na vimesambaa duniani kote. Ukipata, tumia. Usipopata, zana nne za kutengeneza nyumbani zinaweza kumfikisha mtoto mwisho wa darasa la kwanza.

Ya kwanza ni vihesabio ishirini, vya aina moja.

Ya pili ni fremu ya kumi. Chukua trei la karatasi la mayai 30, lenye safu sita za mashimo matano. Likate kila baada ya safu mbili, upate vipande vitatu vya mashimo kumi. Mtoto akiweka kokwa saba, anaona safu moja imejaa tano, ya pili ina mbili, na mashimo matatu ni matupu. Kwa kutazama tu anajua saba ni tano na mbili, na kwamba imebaki tatu kufika kumi. Baada ya wiki kadhaa hatahitaji kuhesabu mojamoja.

Ya tatu ni vijiti mia moja vya matete, vya urefu wa kidole, pamoja na kamba au mipira ya kufungia. Kila vikifika kumi, vinafungwa. Hilo si jambo geni Ujiji. Katika karne ya 19, shanga zilipokuwa fedha katika masoko ya ukanda huu, zilihesabiwa hivyohivyo: kete kumi za shanga ziliitwa fundo moja. Mfanyabiashara wa wakati huo alijua jambo ambalo mtoto anatakiwa kulijua leo, kwamba kumi zikifungwa zinakuwa kitu kimoja kipya.

Ya nne ni kadi za namba, kutoka 0 hadi 20, zilizokatwa kwenye boksi. Ongeza kadi ndefu za makumi: 10, 20, 30 hadi 90. Kadi ya makumi iwe na upana wa kadi mbili za mamoja.

Ukiwa na bao nyumbani, hiyo ni zana ya tano ya bure. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Mtoto anayegawa kete shimo kwa shimo anafanya mazoezi ya kuhesabu moja kwa moja. Akikua, muulize: kila shimo likiwa na kete mbili, safu moja ina ngapi?

Lugha yetu inasaidia, ila ina mitego

Msikilize mtoto anaposema "kumi na tatu". Kiswahili kimemwambia kila kitu: kuna kumi, na kuna tatu. Shika fungu moja la matete na vijiti vitatu huku ukitamka, naye ataona neno na kitu vinafanana. Mtoto wa Kiingereza hana msaada huo, kwani neno lake la 13 linaificha hiyo kumi.

Mtego wa kwanza upo katika kuandika. Watoto wengi husikia "kumi na tatu" wakaandika 103, yaani kumi, halafu tatu. Usimgombeze, ameandika alichosikia. Chukua kadi ya 10, weka kadi ya 3 juu ya sifuri yake. Sasa anaona 13, na anajua kumi bado ipo chini.

Mtego wa pili ni ishirini, thelathini, arobaini. Majina haya hayasemi yana makumi mangapi. Kwa muda, yataje kwa majina mawili: "ishirini, makumi mawili", huku mafungu mawili yakiwa mkononi.

Mtego wa tatu ni kwamba namba zetu hubadilika: kijiti kimoja, kokwa moja, vijiti viwili, samaki wawili. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa mtoto anayeongea Kiha nyumbani, mwache ahesabu kwanza kwa Kiha kama ndiyo inayomtoka haraka, kisha mseme pamoja kwa Kiswahili. Idadi ni ileile, na akiielewa kwa lugha moja anaihamishia nyingine.

Dakika kumi na tano kwa siku

Somo la nyumbani lisizidi robo saa kwa mtoto wa miaka mitano au sita. Lifanyike wakati mmoja kila siku, mfano baada ya dagaa kuanikwa au kabla ya chakula cha jioni. Familia za wavuvi wa taa zina nafasi nyingine: siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika, baba naye anaweza kukaa na mtoto.

Anza kwa dakika chache za kurudia jambo la jana. Kisha jambo moja jipya kutoka kwenye kitabu, kwa vitu. Malizia kwa mchezo. Mchezo mmoja unatosha mwezi mzima: weka kokwa nane, mtoto azihesabu, afumbe macho, ufiche tatu chini ya bakuli. Akifumbua aseme zilizofichwa ni ngapi. Huo ndio mwanzo wa kutoa, bila kutaja neno kutoa.

Akikosea, usimpe jibu. Mwambie: "Nionyeshe kwa kokwa." Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe, na hapo ndipo anapojifunza.

Utajuaje wakati wa kuondoa vitu? Usimnyang'anye ghafla. Ziache kokwa ndani ya kopo, umuulize 6 na 3. Akijibu, mwambie ahakikishe kwa kokwa. Akishindwa, afungue kopo. Siku utakapoona hafungui tena kwa namba hizo, amepanda ngazi. Namba zikiwa kubwa, vitu vinarudi, na hilo si kurudi nyuma.

Pima bila kumtisha

Tangu 2010, mpango wa Uwezo umekuwa ukipima watoto wa Tanzania majumbani kwao kwa maswali mafupi, na umeonyesha kwamba kukaa darasani na kujifunza si kitu kimoja. Ngazi zake za hesabu unaweza kuzitumia kama dira: kuhesabu vitu, kuitambua namba iliyoandikwa, kusema kati ya namba mbili ipi ni kubwa, kujumlisha, kutoa, na baadaye kuzidisha. Kila baada ya wiki mbili jiulize mtoto wako amesimama wapi. Rudi hapo, si pale ambapo kitabu kimefika.

Kama una redio au runinga karibu, vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Tanzania mwaka 2014, na Akili and Me kwa wadogo zaidi, vinafundisha namba kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Msikilize naye, kisha mchukue kopo la kokwa mfanye mlichosikia. Kipindi bila mikono kinabaki kuwa wimbo mwingine.

Jioni hii, kabla ya kununua chochote, fanya lile jaribio la kokwa tisa. Akikupa sita, muombe saba kesho, kisha umuulize zimebaki ngapi. Akikupa kiganja kizima, usimcheke wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Chukua kokwa tatu tu, uzihesabu naye moja moja, ukisimama kwenye ya tatu, useme: "Hizi ni tatu." Hapo ndipo somo lenu linapoanzia.